Kiti cha Nyuma Tulichokisugua na Mama Neema

Admin, nifiche kabisa, hata avenue yangu usiitaje. Majina nimeyabadilisha. Nina miaka thelathini na sita, watoto wanne, naishi Mabanga hapa Goma, lakini kwetu ni Butembo. Mume wangu, nitamwita Papa Dani, anaendesha teksi. Ninyi mnaosoma, wengi mmepita mengi kuliko mimi, ndiyo maana nawaletea jambo hili. Limenishinda, na usingizi umenihama.

Mimi ni mtu wa usafi, hata wasionipenda wanalijua hilo. Vita vilipoingia mjini, Papa Dani alirudi na gari, kiti cha nyuma cha kitambaa kimelowa damu mpaka chini. Akaniambia alibeba mbuzi waliochinjwa, wa mtu aliyekuwa anahamisha nyama yake kabla haijaibwa. Nilimwamini. Siku zile kila mtu alikuwa anahamisha kitu. Maji hayakuwepo, akalifunika gari kwa turubai, likakaa uani mpaka damu ikakauka na kuanza kunuka.

Kulipeleka kwa vijana wanaoosha magari alikataa, eti wale wana maswali mengi. "Utaosha hapa nyumbani," akasema, akatoka. Maji yaliporudi nikachukua sabuni ya unga na brosi ya kufulia, nikaanza.

Mama Neema akanikuta nimepiga magoti mlangoni mwa gari. Huyu ni jirani yangu wa parseli moja, ua wetu ni mmoja, tumeleleana watoto. Mume wake alikwenda Mugunga siku ya mapigano kumchukua mama yake kambini, na hajarudi mpaka leo. Kwetu huwezi kumwona mwenzako anahangaika na kazi ya kufua ukapita tu. Alikaza kitenge chake, akaja na brosi yake na bido lake, dumu zima la maji, wakati ambapo maji yalikuwa taabu kweli.

"Mama Dani, iyi mbuzi yenu ilikuwa na damu mingi hivi?" akauliza nilipomweleza, tukacheka. Tulicheka kabisa.

Mimi nilitaka tutumie maji ya baridi, kwa sababu kila mwanamke anajua damu inataka baridi. Akanikatalia. "Iko na mafuta ya nyama ndani. Mafuta haiwezi toka na maji ya baridi. Ngojea nilete ya moto." Akaleta sufuria kutoka jikoni kwake, tukamwaga. Kumbe hapakuwa na mafuta yoyote, na yale maji yakaipika damu kwenye kitambaa. Tulisugua mpaka vidole vikachubuka, yeye akiimba nyimbo za kwaya.

Papa Dani akaingia. Alimwona Mama Neema ameinama ndani ya gari, povu jekundu mpaka kwenye viwiko. Hakusalimu. Aligeuka akarudi barabarani. Jioni hakugusa chakula. Nilipomuuliza kama ni mgonjwa, akainuka akafunga mlango.

"Haikukuwa mbuzi," akasema.

"Ilikuwa nini?"

"Ilikuwa Papa Neema."

Alimkuta kando ya barabara kule Mugunga, amepigwa risasi tumboni. Akamlaza kwenye kiti cha nyuma, akaendesha. Kabla ya kufika hospitali jirani yetu alikuwa ameshakata roho. Wakaupokea mwili, na mume wangu akaja nyumbani, akaogopa kutoa habari njia zingali zimefungwa, akifikiri zikifunguka atarudi na familia kumchukua. Aliporudi hospitali, wafu walikuwa wameshazikwa pamoja, wengi, bila majina, na hakuna aliyeweza kumwonyesha ni wapi hasa.

Nilitaka twende kwa Mama Neema saa ile ile. Akanishika mkono. "Ataniomba kaburi, mama. Nitamuonyesha wapi?" Alikuwa analia. Sijawahi kumwona Papa Dani akilia, hata alipomzika baba yake.

Tangu hapo sina amani. Kiti nimekiosha tena na tena, kwa ndimu, kwa chumvi, kwa maji ya baridi ambayo sasa yamechelewa. Kikiwa kimelowa kinaonekana safi. Kikikauka, doa linapanda tena kutoka kwenye sponji ya ndani, la kahawia, pale pale. Najua ni sponji iliyokunywa damu. Lakini nikiwa peke yangu uani na lile gari, akili hiyo inaniacha, nachukua brosi tena.

Kinachonichoma zaidi ni kanisani. Mama Neema anamwombea mume wake misa ili arudi. Padri anasoma jina lake pamoja na wasafiri, na mimi nimekaa kwenye benchi lile lile, najua jina hilo linatakiwa kusomwa kwa marehemu, na huko hakuna anayemwombea. Mnaojua dini mtanielewa.

Sasa amesikia kuna wanaume walioonekana njia ya Sake. Amemwomba Papa Dani ampeleke Jumamosi akaulize, kambi kwa kambi. Na Papa Dani amekubali! Nilipomfokea akasema alishindwa kumtazama usoni na kumkatalia. Kwa hiyo Mama Neema atapanda gari hilo hilo, na mtoto mgongoni.

Mume wangu ameniapisha ninyamaze. Nikisema, nimemsaliti, na watu wa hapa watauliza kwa nini alificha, wengine watasema ndiye aliyemuua. Nikinyamaza, rafiki yangu atazeeka akimtafuta mtu ambaye hayupo.

Mama zangu, dada zangu, nawasihi mniandikie kabla ya Jumamosi. Sitaki mniambie pole. Nataka mnipe maneno: nianzie wapi kumwambia Mama Neema kwamba damu ya mume wake ameshaiosha kwa mikono yake mwenyewe?