Siku Niliyompulizia Mgeni Salfa

Kuna watu hapa Newala wakiniona sokoni huanza kukohoa, na mimi najua wanakohoa nini, kwa hiyo huwasalimia vizuri, nawauliza habari za nyumbani, kisha napita zangu. Zamani nilikuwa nabadilisha njia. Leo nimeamua kuwasimulia mwenyewe, maana mkasa huu umeshasimuliwa na watu wengi ambao hawakuwepo, na wengine wameongeza mbuzi (hakukuwa na mbuzi).

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Kijijini wananiita Mwalimu, au Mama Zuhura, na mwaka ule akina mama wa kikundi chetu cha wakulima wa korosho walikuwa wamenichagua kuwa mwenyekiti. Ngoja nieleze jambo moja kwanza, kwa faida ya wasiotoka huku kwetu. Mkorosho ukitoa maua msimu wa baridi, kuna ugonjwa unaitwa ubwiriunga, unayapaka maua kitu kama vumbi la unga, halafu yanakuwa meusi na kudondoka, na hapo korosho za mwaka huo umeshazikosa. Dawa yake ni salfa, ule unga wa njano. Tunaupuliza kwa mashine ya kubeba mgongoni, yenye injini na bomba refu, na tunapuliza alfajiri, ukungu ukiwa umelala na umande uko kwenye maua, kwa sababu unga unanata penye unyevu na kwa sababu saa hizo hakuna upepo. Jua likipanda umande unakauka, upepo unapanda kutoka bondeni, na ukipuliza wakati huo unampulizia jirani. Haya yote niliwafundisha mimi. Niliwachorea hata ubaoni.

Siku ile ilikuwa zamu ya shamba la Mama Fadhili. Huyu ni mwenzetu mjane, mpole, mwenye sauti ya chini ambayo mpaka usogee ndipo uisikie. Mume wake alimwachia shamba la mikorosho, na ndugu wa mume walikuwa wamemwambia wazi kwamba likizaa vibaya tena mwaka huo watalichukua walilime wenyewe, kwa kuwa mwanamke peke yake ameshindwa. Maua yalikuwa yamefunguka vizuri sana. Mfuko wa mwisho wa salfa ya kikundi ulikuwa wake.

Sasa, wiki hiyohiyo nilikuwa nimepigiwa simu na bwana mmoja wa Masasi, mtu wa kutembelea vikundi vya akina mama aone kipi kinastahili kupewa mashine ya pili. Nikamwambia aje alfajiri atukute kazini. Tulifika shambani bado giza, tumejifunika khanga mbili mbili kwa baridi, ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, imechemshwa, chai ya rangi iko kwenye chupa, na meza tumeitandikia kitambaa cheupe. Nikampigia.

“Mwenyekiti, nipo njiani, ndiyo natoka hapa Mkomaindo, Masasi.”

Mtu mzima kama mimi nilipaswa kujua kwamba mtu akisema yuko njiani anatafuta soksi. Lakini niliamini, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, mdogo kabisa. Nikasema tumsubiri kidogo, ili akifika aone tunavyoanza.

Mama Fadhili akanisogelea. “Tuanze, Mwalimu?”

“Bado kidogo, mama. Yuko njiani.”

Ukungu ukaanza kuinuka. Akaja tena, safari hii hakuuliza, alisimama tu pembeni yangu akitazama maua yake. Nikamweleza (naam, nilimweleza, kwa upole, hatua kwa hatua) kwamba tukipata mashine ya pili kila mtu atafaidika, hata yeye. Akaitikia kwa kichwa. Kile kichwa nakiona mpaka leo.

Mgeni alifika jua limeshachomoza, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na viatu vyeusi, akatusalimia mmoja mmoja kwa adabu. Alipofika kwa Bi Somoe, mkubwa wetu kwa umri na kwa ulimi, akasema, “Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kwenu mnaamka saa ngapi?”

Akina mama wakacheka chini chini. Wale wawili ambao ndio wapulizaji wetu walikuwa wameshaitua mashine chini. Majani ya juu yalikuwa yanacheza. Mama Fadhili akasema, “Basi tuache, Mwalimu. Tutapuliza kesho.”

Na mimi, mwenye kuchora ubaoni, nikasema, “Mti mmoja tu, mgeni aone.” Wapulizaji wakatazamana, hakuna aliyeinama kuichukua, kwa hiyo nikaibeba mwenyewe. Sikuwa nimewahi kuibeba ikiwa na unga. Ule mfuko wa mwisho tulikuwa tumeumimina ndani kadiri ulivyoingia, na uliobaki ulikuwa wazi miguuni pangu. Nikaiwasha, nikainua bomba juu ya mkorosho ulio kando ya barabara, nikaachia.

Kwa muda kidogo ilikuwa nzuri kweli, wingu la njano linapanda kwenye matawi na jua nyuma yake. Halafu upepo ukalikunja lile wingu kama mtu anavyokunja mkeka, ukalileta lote mezani.

Hapo ningezima mashine, mkasa ungeishia hapo. Lakini nililelewa kwamba ukimkosea mtu unamgeukia, unamtazama, unamwomba radhi. Nikamgeukia mgeni kumwambia samahani, na bomba, ambalo liko mkononi mwangu na injini inanguruma, nalo likamgeukia. Nilimpulizia kifuani. Akapiga kelele, nikageukia akina mama kuomba maji, nikawapulizia akina mama. Bi Somoe akaita, “Zima! Zima!” na mimi kwa heshima ya umri wake nikamgeukia kumsikiliza. Mwishowe nilirudi nyuma, nikakanyaga ule mfuko ulio wazi, nikakaa chini, mashine mgongoni, bomba likitazama mbinguni, salfa ikitushukia wote taratibu, juu ya ming'oko, juu ya chai, juu ya kitambaa cheupe. Mmoja wa wapulizaji ndiye aliyenijia kwa nyuma akaizima.

Mgeni alikuwa wa njano kuanzia nyusi mpaka viatu, macho yanamtiririka machozi. Bi Somoe akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akatutazama wote, akasema, “Mwalimu leo ametupaka unga kama wari. Sijui anatucheza unyago upya.”

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mgeni naye, maskini, alijaribu kucheka, akapaliwa. Tukamnawisha kwa maji ya kunywa, maana shambani hatukuwa na mengine (wenye kuujua uwanda wetu wanajua maji huku hayamwagwi ovyo), na yakaisha kabla hajafika masikioni. Aliondoka akiendesha gari na vioo vyote wazi.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mama Fadhili alikuwa amechuchumaa akijaribu kuzoa salfa kutoka kwenye mchanga kwa viganja. Haizoleki. Nikachuchumaa karibu yake, tukazoa pamoja, na hapo ndipo nilipoelewa kitu nilichokuwa nimekifanya. Kuchekwa ni jambo la kupita. Nilikuwa nimechukua asubuhi ya mtu nikaipeleka mahali pengine bila ruhusa yake.

Nilijifungia ndani. Harufu ya salfa haitoki upesi, iko kwenye nywele, iko kwenye mto wa kulalia. Watoto wakipita nje nasikia, “Mama Salfa, Mama Salfa.” Nikamtuma Baba Zuhura, mume wangu, akawaambie akina mama watafute mwenyekiti mwingine. Alikwenda, akarudi, akasema wamesikia, akaendelea kula.

Mama Fadhili akaja mwenyewe jioni moja. Alikataa kiti, akakaa mkekani.

“Nimekuja kumwona mwenyekiti,” akasema.

“Mwenyekiti hayupo, mama. Nimejiuzulu.”

“Maua hayajajiuzulu.”

Nikaanza kumweleza jinsi nilivyoona aibu, jinsi mtu aliyekosa namna ile asivyofaa kuongoza wengine, na nilikuwa na sababu nyingi zilizopangika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya chini, “Mwalimu, mimi nikijiuzulu, shamba linakwenda kwa shemeji zangu. Wewe ukijiuzulu, linakwenda wapi?”

Nilikuwa nimeiona aibu yangu kubwa hivi mpaka nikaifanya ndiyo habari yenyewe, kumbe habari yenyewe ilikuwa juu ya miti, ikifunguka na kusubiri. Nikaingia chumbani nikatoa mfuko wetu wa salfa, wa shamba letu wenyewe. Baba Zuhura akautazama.

“Na mikorosho yetu?”

“Itapata itakayobaki.”

Akaupima mkononi. “Haitabaki,” akasema, lakini akanisaidia kuufunga kwenye baiskeli.

Alfajiri nilifika shambani wa kwanza. Akina mama walikuja mmoja mmoja kwenye ukungu, wamejitanda, nikawasikia kabla sijawaona. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, mnanijua. Nilipowaona wamesimama, nikasema tu, “Mama Fadhili, nilikukosea. Na ninyi nyote. Unga huu hapa, naomba tufanye kazi.” Ni maelezo mafupi kuliko yote niliyowahi kutoa, na ndiyo pekee ambayo hakuna aliyeniuliza swali. Kisha nikawaomba wapulizaji wanifundishe kuibeba ile mashine, kuwasha na kuzima, mwanzo kabisa, kama mwanafunzi.

Bi Somoe alijificha nyuma ya shina la mkorosho. “Endeleeni,” akasema. “Mimi naona vizuri nikiwa huku.”

Hatukuiokoa mikorosho yote. Ile miti ya kando ya barabara ilikuwa imeshapigwa, maua yake yakawa meusi tukiyatazama. Ya ndani ilizaa. Shemeji zake walikuja wakati wa mavuno, wakazunguka shamba, wakatazama magunia, wakanywa chai, wakaaga. Hawajarudi kulizungumzia tena. Shamba letu lilizaa kidogo mwaka ule, na Baba Zuhura hakulisema hata mara moja, jambo ambalo lilinielemea kuliko kama angelisema. Mashine ya pili ilipewa kikundi kingine, na walistahili.

Nawaambia haya ninyi ambao mmechaguliwa kuongoza kitu, hata kama ni kwaya au kamati ya harusi. Siku mbaya itakuja, na huenda ukawa umeileta mwenyewe kwa mikono yako. Ukianguka, lia, oga, kisha uliza ni kazi ya nani imesimama kwa sababu yako, uende ukaanzie hapo. Aibu hupungua ukiwa na kitu mkononi cha kufanya. Mimi wananiita Mama Salfa mpaka leo na bado ni mwenyekiti.

Na nimeweka nadhiri moja. Msimu uliofuata simu yangu iliita tukiwa shamba lilelile, nyota bado zinaonekana. Alikuwa ni yule bwana wa Masasi, anataka kututembelea tena (ana moyo, yule mtu).

“Mwenyekiti, ndiyo natoka Mkomaindo. Mtanisubiri?”

“Karibu sana, mwanangu,” nikamwambia. “Utatukuta tumeshamaliza, tunakunywa chai.”

Nikaiweka simu ndani ya khanga. Mama Fadhili alikuwa ameshasimama chini ya mti wa kwanza, ananitazama.

“Tuanze, mama,” nikasema.