Mpunga Uliomsubiri Mpiga Pasi

Shamba zima la mpunga ulioiva lilikuwa likimsubiri mwanamke mmoja aliyekuwa mtaa wa Mirdif, Dubai, akipiga pasi kanzu za bosi.

Mimi nilikuwa mpishi katika nyumba ile, yeye mfanyakazi wa ndani mwenzangu kutoka kijiji cha vilimani kisiwani Java. Shamba lake, alilorithi kwa babake, lilishuka mlimani kwa matuta kama ngazi. Mila yao ilitaka mwenye shamba akate mashuke ya kwanza, kwa kisu kidogo anachokificha kiganjani ili mpunga usishtuke. Tangu aje Dubai, mamake ndiye aliyemkatia. Mwaka ule mikono ya mama ilianza kutetemeka, na mama huyo hakutaka mtu mwingine aguse mpunga.

"Kwetu tunakata kwa mundu, tena kwa kelele," nilimtania.

"Ndiyo maana mnakula mchele wa Pakistani, dada."

Tulicheka, kisha akanionyesha picha aliyotumiwa kwenye simu. Majirani wa juu na wa chini walikuwa wameshavuna. Shamba lake lilisimama peke yake, mashuke yameinama, na ndege wameshaanza kuyashambulia.

Alimwomba madam likizo. "Inshallah, wageni wakishaondoka," madam akajibu.

Wageni wenyewe walikuwa hawajafika. Asubuhi iliyofuata alimpigia mamake, akamsihi amwachie wifi yake akate. Kisha akaiweka simu mezani kwa spika, tusikie jibu la mama pamoja. Tulisubiri jikoni, tukiwasikia ndege wa kule wakilia.