Muswada wa Wendell

Kaka yangu Wendell Tvedt alizama kwenye mahindi. Alikuwa akifanya kazi kwenye ghala la nafaka pale Elsing, mojawapo ya yale maghala ya chuma marefu yanayoonekana kutoka mbali katika nyanda zetu hizi za Marekani. Mahindi yalikuwa yameganda ndani, naye akaingia na fimbo kuyagongagonga yashuke. Kule chini mashine ya kutolea nafaka ilikuwa inafanya kazi, ikiyavuta mahindi chini pamoja naye. Hakuna aliyeizima, na mlangoni hapakuwa na mtu. Ilibidi wakate ukuta wa ghala kwa moto ndipo wakamtoa.

Mjane wake, wifi yangu Arlys, alikuwa mpishi wa shule na mtu wa maneno machache. Kanisani alikaa viti vya nyuma asije akaombwa kusoma somo. Lakini baada ya mazishi alimwendea Lyle Brandvold, mwakilishi wetu katika bunge la jimbo, akamwambia anataka sheria. Mtu akiingia ghalani, mashine izimwe na ufunguo ukae mfukoni mwake, afungwe kamba, na mwenzake asimame mlangoni.

"Basi?" Lyle akauliza.

"Basi."

"Hiyo hata mtoto anaielewa, Arlys. Niachie mimi."

Februari tuliitwa makao makuu ya jimbo, siku kamati ya bunge ilipokuwa ikisikiliza maoni ya wananchi juu ya muswada huo. Theluji ilikuwa nyingi, tukaenda pole pole. Ukumbini Arlys alinishika mkono.

"Corinne, nikishindwa kusema, utanisomea?"

"Nitakusomea. Ila hutashindwa."

"Mikono yangu inanuka vitunguu."

"Wamekuita uongee, wifi, hawakukuita wakunuse."

Akacheka kidogo, akaenda kukaa mbele ya kipaza sauti. Hakuwa na ufundi wa kuongea. Alieleza tu kwamba siku ile alikuwa amemwekea Wendell chakula kwenye oveni, na kwamba mpaka leo hajui kwa nini aliizima na kuiwasha tena mara kadhaa, kana kwamba mtu aliyekwisha kufa anachelewa tu. Mwenyekiti akamwuliza, "Kwa hiyo mama, unaunga mkono muswada huu?" Akajibu, "Naunga mkono." Kamati nzima ikaupitisha. Bibi mmoja mbunge alitoka kitini akaja kumkumbatia. Tukirudi tulisimama njiani kula pai ya tufaha, na Arlys akamaliza yake na nusu ya yangu.

Bungeni ulijulikana kwa namba tu, lakini kwetu watu wakauita muswada wa Wendell. Mwezi Mei, bunge likiwa linafunga shughuli zake, jirani yetu Marvella alimkimbilia Arlys mlangoni mwa kanisa.

"Arlys, umepita! Nimesikia redioni, namba ile ile!"

Mchungaji alitangaza, watu wakasimama, wakapiga makofi. Arlys, yule wa viti vya nyuma, akasimama na kuwashukuru. Nilimwona akilia bila kujificha, nami nikalia.

Kesho yake akaniomba nimchapishie sheria yenyewe, aitie kwenye fremu kando ya picha ya kaka. Niliichapisha maktabani. Nilidhani nimekosea karatasi. Namba ni ile, na jina ni lile: sheria kuhusu usalama mashambani. Ndani hamkuwa na ghala wala kamba. Mlikuwa na habari za mabanda makubwa ya nguruwe, yaruhusiwe kujengwa karibu zaidi na nyumba na visima vya watu, na halmashauri za wilaya zisiweze kukataa. Kila neno la Arlys lilikuwa limefutwa, mengine yakaingizwa. Kumbukumbu za bunge zilionyesha kwamba yalibadilishwa mchana, na jioni ileile wakapiga kura. Hakuna aliyeitwa kutoa maoni, kwa sababu kwa taratibu zao muswada ulikwisha kusikilizwa. Na kwenye orodha ya waliokuja kuuunga mkono, jina la kwanza lilikuwa Arlys Tvedt.

"Soma tena," Arlys akaniambia nilipokwisha kumsomea.

"Nimeshasoma, wifi."

"Soma pole pole."

Nikasoma. Kisha akapiga simu kwa karani wa kamati, akaomba jina lake litolewe.

"Pole sana, mama," karani akasema. "Lakini ulikuja, na ulisema unaunga mkono. Siwezi kufuta kilichosemwa."

"Nilikuwa nasema habari za mume wangu."

"Najua, mama. Nilikuwepo."

Lyle tulimkuta kwenye mgahawa wa mjini, akinywa kahawa na wakulima. Alinyanyuka, akavua kofia.

"Ungenipigia simu tu, Lyle," Arlys akasema.

"Siku za mwisho za bunge zilikuwa zimefika. Wakubwa walitaka muswada uliokwisha kusikilizwa na ambao bado uko hai, waingize mambo yao, na wako ndio uliokuwa hai. Ningekataa, nisingepata lolote tena kwa ajili ya watu wa huku. Mwakani tutauleta upya, nakuahidi."

"Mmemtoa Wendell, mkaingiza nguruwe."

Lyle akatazama kofia yake. Wale wakulima wakarudia kahawa zao; wawili kati yao walikuwa wameshauza mashamba kwa ajili ya hayo mabanda.

Kilichomwuma zaidi, nadhani, ni kurudi kanisani kuwaeleza watu waliompigia makofi. Wengine hawakumwelewa. Marvella aliuliza, "Lakini si umepita?" Arlys akaacha kueleza. Baadaye akaacha kwenda.

Mwaka uliofuata Lyle aliuleta kweli, ila haukupangiwa hata siku ya kusikilizwa. Niliwaandikia wabunge peke yangu. Arlys alisema neno lake walishalichukua, hana jingine.

Vuli ile kijana mmoja alizama ghalani wilaya ya jirani. Mama yake aliipata namba ya Arlys kwa watu, akapiga tukiwa tunamenya viazi. Nilimsikia yule mama simuni akiuliza aanzie wapi, amwone nani, ili pawe na sheria.

Arlys aliweka kisu mezani. 

"Umekula leo?" akamwuliza.

Yule mama akasema hajala.

"Unakaa wapi? Nakuja," Arlys akasema, akaenda kutafuta viatu vyake.