Mpini wa Mashine ya Mama Mkwe

Shemeji yangu, mume wa dada, hajui kusema polepole. Ukimkuta karakanani akichomelea mageti utamsamehe, maana kule lazima mtu apaze sauti. Shida ni kwamba sauti ile ile huja nayo nyumbani, na hata msibani akitoa pole, watu wa nyuma hugeuka kuangalia nani anagombana. Ndiyo maana tunamwita Spika. Mashati yake yote yana matundu ya cheche, pamoja na lile la harusi. Mtu anayemfanya abane sauti na kuinamisha kichwa ni mmoja tu, mama yetu, mkwewe.

Mama alikuwa akisaga unga wa nyumba nzima kwa mashine ya mkono iliyofungwa kwenye ukingo wa meza ya jikoni. Habari za unga wa dukani hakutaka kuzisikia. Alisema una harufu ya gunia. Kisha vidole vikaanza kumvimba kwenye viungo, na siku moja mpini ukamshinda katikati ya kusaga. Dada akamalizia. Tangu hapo Mama akawa anashinda sebuleni, mikono mapajani, anakula vijiko viwili vitatu na kusukuma sahani. Alitutia simanzi. Sisi tulidhani ni ugonjwa. Spika ndiye aliyeng'amua kwamba ni uchungu wa kukosa kazi.

"Mama, kesho kutwa utasaga kwa umeme," akamwahidi.

Kesho kutwa ya fundi mnaijua. Hata hivyo mashine ilikuja. Mota aliitoa kwenye mashine ya kufulia iliyokufa, na zile sahani mbili za chuma za kusagia alizichonga mwenyewe. Siku ya majaribio ilinguruma, ikatetemeka, ikatembea yenyewe hadi mlangoni kama mgeni aliyeudhika, na unga ukatoka wa moto, tena chenga tupu. Akairudisha karakanani. Akaivalisha miguu ya mpira, akapunguza mwendo wa mota, akazisogeza sahani karibu. Safari ya pili ikasaga laini, kwa sauti ya chini kuliko ya fundi wake.

Sote tukashangilia isipokuwa Mama.

"Unabonyeza, inasaga," akasema. "Na mimi?"

Hapo shemeji akapata wazo, na mawazo yake mimi huyaogopa. Akapachika mpini ubavuni mwa mashine. Ndani haukushika kitu. Ulizunguka bure tu. Akatuita uani kutunong'oneza siri hiyo, na mnong'ono wake ukafika hadi kwa majirani. Bahati yetu Mama alikuwa bafuni, akisikia maji tu.

Mama akaupenda mpini. "Ni mwepesi," akasema, na akaanza kula. Tukamsifia unga wake, waongo wakubwa sisi, mpaka mchana mmoja jirani alipopiga hodi. Mama akauacha mpini, akaenda kumfungulia. Aliporudi, unga ulikuwa bado unamwagika. Akasimama akiutazama. Akauzungusha mpini kinyumenyume. Unga ukaendelea kumwagika.

"Baba, hebu njoo," akamwita Spika. "Huu mpini unafanya nini?"

"Una... unasaidia, Mama."

"Unamsaidia nani?"

Spika akanyoosha mkono, akazima mashine.

"Mikono imenishinda, najua," Mama akasema. "Lakini sitaki kuchezewa kama mtoto mchanga. Bora nikae, nijue nimekaa."

Chakula cha siku ile hakukigusa. Shemeji naye hakula, na huyo si mtu wa kuruka mlo. Akaibeba mashine begani, akarudi karakanani, na safari hii hakuahidi siku.

Iliporudi, mpini ulikuwa umeungwa na skurubu nene chini ya bakuli la kumiminia mahindi. Mota ilisaga, lakini mahindi hayakushuka kwenye sahani mpaka mtu azungushe, na kuzungusha kwenyewe kulikuwa kama kukoroga chai. Mama hakumwamini mtu. Akawasha, akazungusha: unga ukaanguka. Akaacha: mota ikavuma tupu, unga ukakatika. Akazungusha tena, akaacha tena. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, huku akitukodolea macho mmoja mmoja. Spika aliona jinsi sahani zake zinavyosagana bila nafaka na kulika bure, akatia mikono mfukoni asije akazima.

Kisha Mama akasaga kweli. Unga ulipofika nusu ya beseni, na sufuria ya maji ikichemka jikoni, akazima mashine, akavuta kigoda, akanyoosha miguu.

"Nimechoka," akasema. "Mtakula nikishapumzika."

Dada akataka kuusogelea mpini. Spika akamshika mkono, akatikisa kichwa. Alikuwa na njaa, tumbo lilimnguruma tukalisikia sote, na sijapata kumwona amefurahi vile. Tukakaa chini, maji yakichemka, tukamsubiri Mama.