Hatumwagi, Tunakinga

Siku ya kwanza katika gereji ya mgodi wa dhahabu, Saza, nilipewa spana na amri moja: "Mwaga oili." Nilikuwa nimeacha shule darasa la pili, nikazurura toka Mbozi hadi Tunduma nikichungulia kila mashine inayozunguka. Nikalala chini ya lori, nikafungua nati ya tumbo la injini, oili nyeusi ikatiririka mchangani hadi korongoni. Kwa mafundi, kumwaga ni kuitoa oili iliyochoka ili kutia mpya. Sisi tulilitii neno kama lilivyo. Hata maji makali ya betri tuliyatupa huko.

Nilimuuliza Fundi Mkuu inakwenda wapi. Akasema ardhi inakunywa, nami niache maswali ya shule niliyoikimbia.

Masika yalipoanza, Mama Nzowa, mkulima wa bondeni, alikuja na kibuyu cha maji ya chemchemi yao. Juu palielea utando wenye rangi rangi. Alisema hawana maji mengine ya karibu. Hayo yakiharibika, watahama na kuacha mashamba. Fundi Mkuu akarudia kwamba ardhi inakunywa.

"Basi imelewa, mwanangu," mama akajibu. "Inatutapikia."

Mafundi wakacheka. Yeye akaketi mbele ya lori lililongoja zamu ya kumwagwa oili, hakuondoka.

Nikamwambia Fundi Mkuu kosa limo kwenye neno "mwaga". Maji ya mvua yakitiririka toka paani, hatumwagi, tunakinga. Akasema:

"Kinga, basi. Pipa likijaa, ni shida yako."

Nikakata mapipa matupu, nikayatega chini ya injini. Oili tuliichuja kwa gunia, tukapaka nguzo za ghala dhidi ya mchwa. Iliyobaki ikawa ya kuwashia tanuri la mhunzi. Betri kuukuu zilirudi kwa muuzaji mjini. Udongo uliolowa oili tuliuchimba, tukauzika mbali na maji. Bwana Meneja wa mgodi alipolalamika kwamba tunapoteza nguvu kazi, Fundi Mkuu ndiye aliyemjibu: "Bwana, gereji hii haimwagi."

Chemchemi ilichelewa kutakata. Nyumba kadhaa zilihama kabla haijatakata. Mama Nzowa alibaki, akateka maji mtoni, mbali, hadi utando ulipokwisha.

Nilifanya kazi hiyo hiyo kwenye malori ya kahawa Mbozi, kisha Tunduma, hadi macho yaliponistaafisha. Ninyi vijana mnaoanza ufundi, kila gereji mtakayoingia, ulizeni oili inakwenda wapi. Mkijibiwa kwa kicheko, ketini mbele ya lori.