Dumu la Mbege na Kanzu ya Mjomba

Mimi sinywi pombe. Hilo naomba lieleweke mapema, maana katika kisa hiki chote mtu aliyenuka pombe kuliko wote ni mjomba wangu, ambaye naye hanywi, na ambaye ndiye aliyeipiga vita pombe kuliko mtu yeyote pale Bigwa.

Mjomba ni mwenyekiti wa mtaa wetu. Ni mtu wa swala tano, mtu wa kanzu nyeupe ambayo hairuhusu hata nzi atue. Kwetu Waluguru mjomba si ndugu wa kupelekewa pilau siku ya Idi halafu basi. Sisi ni watoto wa upande wa mama, na ukitaka kuoa, mjomba asiposimama, wewe hata usimame juu ya meza hakuna atakayekuona.

Basi mjomba aliitisha mkutano wa mtaa kuhusu pombe ya kienyeji. Jamani, nimehudhuria mikutano mingi pale, ya maji, ya takataka, ya mbuzi wanaokula mboga za watu, lakini ule ulifurika. Waislamu wa msikitini na walokole wa kanisa la mabati, watu ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya sauti ya spika, siku hiyo walinyoosha mikono pamoja na kutabasamiana kama mashemeji. Wakatoliki wachache waliokuwepo walibaki wanaangalia viatu vyao. Ikapita sheria: marufuku kuuza wala kubeba pombe ya kienyeji ndani ya mtaa, na atakayekamatwa atatozwa faini. Mtu mmoja akauliza, na bia za baa ya barabarani je? Mjomba akasema zile zina leseni, yeye anaanza na anachokiweza.

Mimi nilinyoosha mkono juu kabisa. Ningeruhusiwa ningenyoosha yote miwili. Mkuki kwa nguruwe mtamu, wahenga walijua wanachosema.

Maana haukupita muda nikampenda mwalimu mmoja wa shule ya msingi, binti wa Kichaga, Mkatoliki, mkali kuliko pilipili, na yeye kwa huruma zake akanipenda. Wazazi wake walihama Rombo zamani, wanaishi Mafiga. Suala la dini tulishalimaliza wenyewe: tutafunga ndoa bomani, kila mtu abaki na kitabu chake. Mjomba alinuna, baba yake alinuna, wakanuniana kwa mbali bila kuonana, lakini hawakukataa. Tatizo likaja kwenye posa.

"Baba anasema bila mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, hapokei mtu," mchumba wangu aliniambia. "Na iletwe na mkubwa wa upande wenu, na aionje yeye kwanza mbele ya wazee. Ndiyo mila. Asiyeionja, maana yake ana jambo moyoni."

"Mjomba wangu aonje mbege? Umerogwa?"

"Kamwambie wewe. Baba ameshanunua shati jeupe la sendofu, siku ya kuniaga, liko kabatini na mfuko wake wa nailoni. Kila nikikutaja analiangalia, anasema shati hilo litaliwa na mende."

Shati hilo lilininyima usingizi. Wengine hukosa usingizi kwa mawazo ya mahari, mimi kwa shati.

Nilimwendea mjomba baada ya swala ya Ijumaa, wakati moyo wake huwa laini. Nikamwamkia, nikaeleza taratibu. Alinisikiliza akikuna kidevu, kisha akatoa masharti. Hela yake hata senti moja haitanunua pombe. Dumu lake sitapewa, kwa sababu ni la maji ya udhu. Dumu lenyewe hataligusa, maana kuibeba pombe nako ni dhambi. Na kuonja, nisahau.

"Sasa mjomba, utafanya nini huko?"

"Nitakwenda," alisema. "Nitakaa. Nitakuombea mke kwa mdomo wangu. Mdomo wa kusema ninao, wa kunywea sina."

Nilitamani kulia, nilitamani kucheka, nikaishia kusema ahsante. Alikuwa amekubali kwenda, na kwa mtu yule hilo halikuwa dogo.

Jumamosi asubuhi nikaenda Mwembesongo kwa mama mmoja anayepika mbege. Nikanunua dumu jipya, likajazwa hadi shingoni. Mama yule akaniambia, "Baba, usilikaze kifuniko sana, bado inachemka yenyewe." Nikamwambia nimesikia. Nilikuwa nimesikia, ila nilikuwa na bajaji inayoningoja na dereva anayepiga honi kama ana mgonjwa, kwa hiyo nililikaza mpaka vidole vikauma. Ningelimwaga njiani ningemweleza nini mzee wa Rombo?

Nikampitia mjomba Bigwa. Alitoka na kanzu mpya, kofia ya kushona kwa mkono, manukato yanamtangulia. Alipoliona dumu mapajani mwangu akakaa upande wa pili na kugeuza uso kuelekea milimani, akaangalia Uluguru kana kwamba ndiyo kwanza anaiona tangu azaliwe.

Hatujamaliza mtaa, mgambo huyu hapa kwenye kalavati. Mgambo aliyewekwa na nani? Na mjomba. Akachungulia, akanusa.

"Dumu la nini hilo?"

"Maji," nikasema.

"Ni mbege," akasema mjomba, bado anaangalia mlima.

Loo! Mgambo wa watu alibadilika rangi. Akasema, "Mwenyekiti, samahani sana, sikukuona, piteni tu." Nikamwambia dereva tia moto. Mjomba akainua mkono.

"Hatupiti. Sheria inasemaje?"

"Inasema faini, mwenyekiti. Lakini wewe..."

"Mimi ndiye mkubwa wa msafara. Nitoze."

Nikamnong'oneza, "Mjomba, nakuomba, tunachelewa ukweni!" Akaniambia nikae kimya, jana tu mgambo kamtoza mama muuza pombe ya kangara, mama mwenye watoto, leo amwachie yeye kwa sababu ana kofia nzuri? Nikalikumbatia dumu kwa hasira.

Mgambo akasema basi tozo inalipwa ofisini kwa stakabadhi, na leo Jumamosi ofisi imefungwa. Nikashukuru Mungu. Nani ana ufunguo? Mjomba akaingiza mkono mfukoni, akautoa. Mama yangu! Tukageuza bajaji. Mjomba akafungua ofisi, akaketi kwenye kiti chake, akajiandikia stakabadhi, akatoa hela zake za kununulia bati za jiko, akazipokea mwenyewe, akajishukuru kwa ushirikiano. Mgambo amesimama wima kama kwenye gwaride. Muda wote huo dumu langu liko nje ndani ya bajaji, juani, linachemka moyoni pamoja na mimi.

Nilipolipakata tena nikaona limevimba matumbo. Nikajiambia ni macho yangu.

Mafiga walikuwa wameshatungoja mpaka wamechoka. Wazee watano wa Kichaga wamejipanga sebuleni, picha ya Moyo Mtakatifu ukutani, na katikati baba wa binti, mzee mkubwa wa mwili, uso umekaza. Kwa mazoea akatamka, "Tumsifu Yesu Kristo." Mjomba naye kwa mazoea akajibu, "Waaleikum salaam." Wakatazamana. Hakuna aliyecheka, ingawa nyuma ya pazia la chumbani nilisikia mtu anajizuia, na kicheko kile nilikifahamu.

"Mmechelewa," mzee akasema.

"Tumechelewa, tunaomba radhi," mjomba akajibu, bila maelezo mengine. Akazungumza vizuri sana, siku hiyo nilijua kwa nini watu humchagua. Alisema mimi si tajiri lakini si mvivu, nina hasira lakini sina kinyongo, na kwamba mtoto wao akija kwetu, Jumapili atasindikizwa mpaka mlango wa kanisa. Wazee wakatikisa vichwa. Kisha mzee akanyoosha kidole kwenye dumu, na kwa mkono mwingine akashika kata ya kibuyu.

"Maneno mazuri. Sasa mila. Mkubwa wenu aonje."

Mjomba akasema kwa upole kwamba dini yake haimruhusu.

"Sikuulizi dini," mzee akasema. "Mimi natoa damu yangu. Nitajuaje kama mna moyo safi? Asiyeonja anaficha. Kama hamuwezi, chukueni dumu lenu mrudi, tusilaumiane."

Nikajua shati limeliwa na mende. Nikapiga magoti ili angalau nilifungue mimi, nimimine, nionje mimi hata kama sinywi, lolote. Mjomba akaniinamia, akafungua mdomo kusema hapana.

Kifuniko hakikungoja nimalize kukizungusha. Kiliruka mpaka kwenye dari, na mbege ikafuata! Povu lilimpiga mjomba usoni, likajaa mdomoni, likashuka kifuani, kanzu yote ikawa rangi ya ulezi, na kofia ikaangukia miguuni kwa baba mkwe. Mjomba akatema, "Lahaula!" akatema tena. Na mzee mmoja wa Kichaga pale pembeni, Mungu ambariki popote alipo, akaruka akipiga makofi:

"Ameonja! Jamani ameonja!"

Sebule ikalipuka. Wazee wanacheka mpaka wanashikana mabega, mimi bado niko magotini nimekumbatia dumu kama yatima, na pazia linatikisika. Ni watu wawili tu ambao hawakucheka. Mjomba alisimama katikati ya sebule anadondosha povu, na mimi nilimwonea huruma ambayo sijawahi kumwonea mtu. Baba mkwe naye alikuwa anamtazama.

"Sikumeza," mjomba alisema polepole. "Naapa sikumeza. Kwa hiyo sijaonja, mzee. Siwezi kukudanganya ili nipate mke wa mtoto wangu."

Hapo mimi nikapandwa na hasira. Yaani tumeokolewa na kifuniko, yeye anakataa kuokolewa! Nikasimama nikaropoka yote mbele ya wakwe, bila adabu: kwamba sheria ya kukataza pombe ameitunga yeye, kwamba tumechelewa kwa sababu amejikamatisha na kujitoza faini kwa hela ya bati za jiko lake, na kwamba mtu huyu hajui kudanganya hata pale anapotakiwa, amenitesa hivyo tangu nizaliwe!

Mzee akaniangalia. Akamgeukia mjomba.

"Ulijitoza faini? Kwa ajili ya mbege yangu?"

"Sheria ni sheria," mjomba akasema, akifuta ndevu.

Mara adhana ya alasiri ikasikika kutoka msikiti wa jirani. Mjomba akajitazama kanzu, akatazama mlango. Alikuwa hana nguo ya kuswalia, na kila mtu pale aliona. Baba mkwe akainuka bila neno, akaingia chumbani. Tukamsikia akipekua kabati na kunung'unika peke yake: "Hili hapana, lina picha ya Bikira Maria. Hili lina Papa. Hili la kwaya." Kisha nikasikia nailoni inachanwa.

Akatoka na shati jeupe, jipya, bado lina pini kolani, na kikoi, na birika la maji. Uani akamwinamishia mjomba birika atawadhe, yeye mwenyewe, wala hakumtuma mtu. Akamwonyesha pa kusimama: "Ipe mgongo milima, jirani yangu Mwislamu huswali hivyo." Akawaambia wazee wake hakuna kata itakayochovywa mpaka mgeni amalize kuswali.

Mjomba aliporudi, shati lilimfika magotini. Akashukuru, akasema kesho atalifua, atalipiga pasi, atalirudisha.

"Usilirudishe," baba mkwe akasema, akiokota kofia iliyolowa na kuikung'uta kwa mkono. "Nitanunua jingine la siku yenyewe."

Nyuma ya pazia mtu alipiga kigelegele kabla ya wakati wake, na mama yake akamziba mdomo.