Lori la Kwenye Kompyuta

Kaka yangu alianza udereva wa lori nikiwa darasa la tatu. Aliendesha lori la kiwanda cha chai mpaka kiwanda kilipouzwa kwa watu binafsi na madereva wengi wakapunguzwa, yeye akiwemo. Akapata kazi kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na malori mawili chakavu, akawa anapeleka ndizi Dar es Salaam. Hakumaliza mwaka. Kwenye kona moja ya mteremko lori liliacha barabara, akazinduka hospitalini akiwa hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Mwenye lori alikuja kumwona mara moja, akaleta katoni ya juisi. Mke wa kaka alimvumilia miezi minne, kisha akarudi kwao.

Nyumbani kwetu ni Suma, lakini wakati ule kijijini kwetu hapakuwa na umeme, na hospitali ilikuwa mbali. Kwa hiyo tulimleta kwangu Tukuyu, nilikopanga vyumba viwili nyuma ya soko, na mama akaja kumwuguza. Mimi nilikuwa mchapaji kwenye duka la kuchapa barua na mitihani. Nilipoanza kazi tulitumia mashine za taipu. Kisha kompyuta zilizokwishatumika Ulaya zikaanza kuingia kwa wingi, tajiri wetu akanunua tatu. Moja ilipomchosha alinipa niende nayo nyumbani. Ndani yake mtu alikuwa ameacha gemu la malori.

Nilimwekea kaka mashine mezani, nikamwegemeza kwa mito. Mikono yake ilikuwa mizima. Nilimwonyesha vitufe vya mishale, akaondoka na lori kwenye yadi kwa uangalifu, kana kwamba nyuma kulikuwa na mzigo wa kweli. Mama aliacha kumenya ndizi akaja kusimama nyuma yake. Sikuwa nimemwona kaka akikaza macho kwenye kitu chochote tangu ajali.

Lori likafika kwenye kona ya kwanza, picha ikaganda. Yeye alikuwa amekwisha kubonyeza mshale wa kulia. Ilipoachia, lori lilikuwa tayari limelala kwenye mtaro. Akaanza upya. Kwenye barabara iliyonyooka lilikwenda, likishtukashtuka kidogo kama mtu mwenye kigugumizi. Kwenye kona, penye miti na nyumba nyingi, liliganda tena. Mara ya nne alitoa mikono mezani akaiweka mapajani.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa," alisema. "Nilikata usukani. Nilikata mapema kabisa. Lori likachelewa."

Hakuwahi kutueleza jambo hilo. Polisi walikuwa wameandika kwamba alisinzia.

Kuanzia siku hiyo nilihangaika na mashine ile kama watu wanavyohangaika na mgonjwa. Nilijua kuchapa tu, mengine nilijifunza kwa kuuliza. Nilifuta barua za zamani zilizojaza diski. Nilizima kila programu iliyojiwasha yenyewe, hata ile ya kukinga virusi. Mwalimu mmoja wa sekondari aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, ambaye alikuja dukani kuchapisha mitihani, aliniambia mafaili huenda yametawanyika, niamuru mashine iyapange upya. Kazi hiyo ilichukua Jumapili nzima. Nilikwenda kanisani nikarudi haijafika nusu. Ilipokwisha, kaka alijaribu. Kwenye kona ya kwanza picha iliganda.

Mwalimu akasema basi ni joto. Nilicheka, maana ilikuwa mwezi wa saba, ukungu unaingia mpaka jikoni na tunalala na masweta. Lakini nilifungua ubavu wa mashine, nikakuta vumbi limeshikana kwenye feni kama sufi. Nikalitoa kwa brashi ya rangi. Siku hiyo kaka alipita kona ya kwanza na ya pili bila kukwama. Mama alisema "ndaga" kwa sauti ndogo, kama anavyoshukuru baada ya sala. Robo saa baadaye ikaganda kwenye kona ya tatu, na tulipoanza upya ikaganda kwenye ya kwanza kama zamani.

Nikapunguza ubora wa picha. Niliondoa vivuli, kisha miti, kisha nyumba, nikashusha kila kilichoweza kushushwa. Hapo lori lilikwenda vizuri, bila kukwama hata mara moja. Kaka aliendesha dakika chache juu ya kitu cha kijivu, kisicho na ukingo wala mlima, akasimamisha.

"Hii siyo barabara, mdogo wangu," akasema.

Nikarudisha miti.

Mwisho niliibeba mashine kwa basi dogo mpaka Mbeya, nimeifunga kwenye kitenge, nikampelekea fundi ambaye mwalimu alimsifu. Alikuwa kijana mpole. Aliongeza kipande cha memori, akawasha, akaangalia, akazima. Kisha akanionyesha kwenye ubao wa ndani kidude kidogo cheusi kinachotengeneza picha. Alisema kimechomelewa humohumo, hakitolewi, na mashine ya aina hii haina nafasi ya kuchomeka kingine. Ilitengenezwa kwa kazi za ofisi.

"Dada, haina ugonjwa," aliniambia. "Ndivyo ilivyo."

Niliporudi sikujua namna ya kumwambia kaka. Aliniona usoni, hakuuliza. Aliniomba nimwashie tu. Akaendesha pole pole, pole mno, mwendo wa mtu anayetembea, hivi kwamba picha ikiganda lori halina pa kwenda. Alipita kona zote. Lakini gemu lilikuwa na muda wake, na kabla hajafika maandishi mekundu yalijaa kwenye kioo kumwambia amechelewa. Alifanya hivyo kila siku kwa wiki kama tatu. Niliporudi kutoka kazini nilimkuta palepale, mama ameketi kando yake akimkunja na kumkunjua miguu kama wauguzi walivyomfundisha.

Kisha siku moja hakuomba kuwashiwa, wala siku iliyofuata. Vidonda vya mgongoni vilikuwa vimeanza. Aliomba arudishwe Suma, nikamkumbusha kwamba kule hakuna umeme. Akasema anajua.

Tulimpeleka kwa gari la jirani, amelala juu ya godoro. Mwanzoni nilikwenda kila Jumamosi, baadaye mara moja kwa mwezi. Safari moja nilimweleza kwamba dukani kumeletwa mashine mpya, zenye picha nzuri, na kwamba ningemwomba tajiri aniazime moja, tumlete mjini hata kwa siku mbili. Alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, amekonda mabega yote.

"Usihangaike," akasema. "Nimeshazoea."

Nilikaa pale mpaka mvua ilipopungua. Mama alinifungia ndizi za kuondoka nazo, nami nikashuka barabarani kusubiri gari. Alifariki masika yaliyofuata, kwa homa ya vidonda, mimi nikiwa kazini nachapa mitihani ya kidato cha pili.